Lami Kwenye Paa la Mama Mkwe

Mume wangu amepanda mapaa ya watu miaka ishirini na sita. Mtaa mzima wanamwita Fundi, na kwao pia wanamwita Fundi, hata mama yake mzazi. Ila kwao jina hilo maana yake mtu wa kutumwa. Kaka yake mkubwa ndiye mwenye ofisi na kiti cha kuzunguka, basi akikohoa tu wote kimya. Mume wangu alikuwa na hamu moja, aliniambia mwenyewe: siku moja mama yake amsikilize katika kazi anayoijua.

Nikadhani siku hiyo imefika pale mabati ya nyumba ya mama mkwe yalipoanza kuliwa na kutu. Mama mkwe anakunywa maji ya mvua. Yanatoka kwenye paa, yanapita kwenye mfereji wa bati, yanaingia kwenye tangi nyuma ya jiko. Fundi wangu akapanda, akakwangua hapa na pale, akashuka, akawaeleza taratibu wote waliokaa mezani. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, mabati yaoshwe, yapakwe praima ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mabati isiyodhuru maji ya kunywa.

"Lami," akasema shemeji, macho kwenye simu. "Ghala letu la ofisini tulilipaka lami. Mwaka wa tano huu, halivuji."

"Kaka, ghalani hakuna anayekunywa maji ya paa."

"Mdogo wangu, wewe paka. Mambo ya kufikiri tuachie sisi."

Watu wakacheka. Mama mkwe naye akacheka, kisha akasema, "Msikilize kaka yako, yeye amesoma."

Nilimkanyaga mume wangu mguu chini ya meza, akatae. Wapi! Kwao mdogo hambishii mkubwa mbele ya mama, hata kama mkubwa anaropoka. Kesho yake akapanda na ndoo ya lami. Na aliipaka vizuri, mjinga wangu yule, mara mbili, hakuruka hata kichwa cha msumari. Hilo ndilo kosa lake, na mpaka leo sijamsamehe.

Mvua ya kwanza iliponyesha, maji ya tangi yakawa na utando unaong'aa na harufu ya barabara mpya. Mama mkwe akaharisha siku tatu. Jumba bovu likamwangukia nani? Shemeji alikuja, akanusa kikombe, akasema, "Mimi nilisema lami. Sikusema ipakwe ovyo." Mama mkwe akamgeukia mume wangu: "Mwanangu, unataka kuniua?"

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Niliyatoa yote, tangu ghala mpaka kicheko chao. Nikaambiwa nina mdomo mrefu, na mume wangu ndiye aliyenishika mkono nikae.

Shemeji akaleta fundi mwingine kutoka mbali, mwenye fulana ya kazi iliyopigwa pasi. Huyo naye akapanda, akakwangua hapa na pale, akashuka. "Mama, lami haitoki ikaisha. Ng'oeni mabati haya, wekeni mapya, na mkipaka, iwe rangi isiyodhuru maji ya kunywa."

"Mnaona mtu anayejua kazi yake?" mama mkwe akasema, na shemeji akatikisa kichwa kukubali kana kwamba ndio kwanza anayasikia maneno hayo.

Mume wangu alikuwepo. Walimwita aje ashike ngazi, na alikuja.

Yule fundi akapanda tena kupima urefu wa paa. Akiwa huko juu akauliza, "Hivi nani aliwapakia uchafu huu?"

Mama mkwe akamtazama shemeji, akamtazama na mwanawe aliyeshika ngazi.

"Mtu mmoja tu," akajibu. "Tulimwokota mtaani."

Mume wangu hakuiachia ngazi.