Mchanga wa Ndoo za Maranga

Jeremiah Maranga alizaliwa Lambwe, mbali na ziwa, na hakujua kuogelea hadi alipotimiza miaka thelathini. Hata hivyo, kilichomtisha ndani ya boti hakikuwa maji. Kilikuwa moto.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa mlinzi wa moto wa Nyar Nam, boti ya mbao iliyoanza kubeba abiria kati ya Homa Bay na Muhuru kabla yeye hajazaliwa. Mimi huandika majina ya abiria mlangoni, kwa hiyo nilimwona kila safari. Alinusa kila mtungi wa gesi ulioingia. Alizima kila jiko. Ndoo zake sita nyekundu za mchanga hazikupungua hata kiganja, na alizifunika ili kuku wa abiria wasizichakure. Kando ya ndoo ya kwanza kulikuwa na benchi, na hapo aliwakalisha kina mama wenye watoto. "Moto ukitokea," aliwaambia, "nyinyi mko karibu na dawa."

Beverly, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alimtania kila safari, akimwita Jaduong', yaani mzee. "Jaduong', siku Roho Mtakatifu akishuka na ndimi za moto, utammwagia mchanga?"

"Nitamwomba ashukie ufukweni, mama."

Februari hii, afisa wa usalama aitwaye Pamela alikuja Muhuru kukagua boti. Kama ingeshindwa ukaguzi, isingebeba abiria tena. Watu arobaini na watatu walikuwa wameshaketi ndani. Pamela akawasha matambara kwenye karai pale ufukweni.

"Mzee, zima."

Maranga akaleta ndoo ya benchi la kina mama, ile aliyoiamini kuliko zote. Akamwaga.

Moto uliruka ukampita kichwa.

Alibaki amesimama na ndoo mkononi, nyusi zimeungua. Pamela alifunika karai kwa gunia lililolowa, kisha akachota mchanga uliobaki akaunusa.

"Huu umetoka wapi?"

"Hapa hapa ufukweni. Lakini ni wa zamani..." Akainama, akainusa ndoo mwenyewe.

Injini zetu ni za petroli. Kila petroli ilipomwagika sakafuni, Maranga aliinyunyizia mchanga, ukainyonya, akaufagia. Na kwa kuwa sheria iliyobandikwa ukutani ilisema ndoo zisipungue, aliurudisha ndani akafunika. Boti nzima ilinuka petroli. Nani angeshuku ndoo?

Mwenye boti, Ken Mokaya, alicheka bila furaha. "Si mchanga umejaa hapa? Tubadilishe twende. Madam, ni dakika kumi tu."

Pamela alimgeukia Maranga. "Mzee, wewe ndiye unaijua hii boti. Iwabebe?"

"Jaduong'," Ken akasema polepole, "fikiria kazi yako."

Maranga alitazama mbao kuukuu za Nyar Nam. "Sakafu pia imekunywa," akasema. "Isiwabebe."

Akaingia ndani. Beverly alikuwa kwenye benchi lile lile, amempakata mjukuu wake.

"Jaduong', leo umenyolewa na nani?"

"Shuka, mama. Hizi ndoo zina petroli. Mimi ndiye niliyeitia."

Beverly aliitazama nafasi ya ndoo iliyotolewa, kisha zile zilizobaki. "Miaka hii yote?"

"Yote."

Hakucheka. Alimpa Maranga mtoto. Naye akambeba hadi nchi kavu akiwa amenyoosha mikono, mtoto asiguse shati lake linalonuka petroli.