Na Nguruwe Walikuwaje Baadaye?

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya masika ambayo hainitoki kichwani, na tangu jana jioni ulipokuja kuniambia umepata kazi kwenye maabara ya minyoo, nimelala nayo na kuamka nayo. Nimefurahi, tena sana. Lakini nimeogopa pia, na kwa kuwa wewe ni mtoto wa mdogo wangu, sitakuficha hofu yangu. Keti hapo. Chai ipo, na hiyo simu iweke chini mpaka nimalize.

Baba yako Deo alianza kuanguka akiwa kijana. Mara ya kwanza ilikuwa hapa hapa Kilema, tunachuma kahawa, nikasikia kapu limedondoka, kisha nikamwona chini ya mgomba anatetemeka mwili mzima. Wapo wa ukoo waliosema karogwa. Wengine walisema ni damu ya upande wa mama yetu, ambaye alikuwa ameshafariki na hakuweza kujitetea. Hospitali walimpa vidonge vya kifafa, na baadaye sana wakampiga picha ya kichwa. Wakaona madoa waliyoshuku ni ya minyoo, wakamwambia asubiri tarehe ya kumwona daktari bingwa. Tukawa tunasubiri.

Mimi nilikuwa Moshi mjini, nimepanga chumba Rau, msichana wa maabara mwenye koti jeupe na kiburi cha koti jeupe. Usicheke, na wewe utakuwa nacho. Kazi yetu ilikuwa tegu wa nguruwe, huyu mnyoo bapa anayekaa kwenye utumbo wa mtu. Mayai yake hutoka na choo, nguruwe akiyala yanageuka vifuko vyeupe ndani ya nyama, vidogo kama punje za wali. Mtu naye akiyameza kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa, vifuko vile vile vinaweza kumkaa kichwani.

Tulikuwa tunanunua nguruwe wagonjwa kutoka upande wa Sanya Juu. Tunawapa dawa ya minyoo, tunawachinja, tunatoa vile vifuko vingali na joto na kuvitumbukiza upesi kwenye maji maalumu, maana tulichokitafuta huharibika haraka. Utafundishwa haya yote. Jeni za mnyoo haziamki zote kwa pamoja. Zipo zinazofanya kazi na zipo zilizolala, na sisi tulitaka kujua dawa ikimfikia, zipi zinaamka na zipi zinanyamaza.

Basi Jumapili hiyo nikapanda nyumbani. Tumetoka kanisani, tunakula mtori wa ndizi na nyama, mvua inapiga bati. Tulikuwa wanne: babu yako, baba yako, mimi, na Shangazi Teresia, dada mkubwa wa babu yako. Huyo hukumkuta. Alikuwa mama mwenye maneno makali na mikono laini, na Deo akianguka ni yeye aliyekuwa anamshika kichwa.

Babu yako akaniuliza kazi inaendaje. Nikasimulia kwa raha zangu zote.

"Tumewapa nguruwe dawa, baba. Vifuko vinakufa, hadi vya kichwani."

Akaacha kula. "Dawa gani? Hii hii ya duka la mifugo, ninayowapa nguruwe wangu?"

"Hii hii."

Shangazi alikuwa anamenya ndizi pembeni. Akauliza bila kuinua macho, "Na nguruwe walikuwaje baadaye?"

Nikacheka. "Shangazi, nguruwe tuliwachinja!"

Wote tukacheka, hata Deo. Shangazi peke yake ndiye ambaye hakucheka. Mimi nikaongezewa mtori, jioni nikateremka mjini nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Katikati ya wiki majibu ya kwanza yakatoka kwenye mashine. Mkuu wetu wa maabara, mzee mpole asiyependa kupaza sauti, alituita tuangalie. Zile jeni ambazo mnyoo huzitumia kujificha, ili mwili wa mnyama usimtambue, zilikuwa zimenyamaza. Akasema, "Mnyoo akiwa mzima amejifunika shuka, mwili haumwoni. Dawa ikimpiga, shuka linadondoka. Mwili unamwona na unamvamia, na pale alipo panavimba." Kisha akanyoosha mkono dirishani. Kulikuwa na nguruwe wachache tuliowapa dawa bila kuwachinja, tunawaweka ili tuwaangalie kwa muda mrefu zaidi. Mmoja wao alikuwa amelala ubavu bandani, miguu inapiga hewa, povu mdomoni.

Nilimtazama yule nguruwe nikamwona Deo. Sikuwa na shaka yoyote kwamba ninachokiona ni yeye.

Nikatoka nje kupiga simu nyumbani. Deo alipokea mwenyewe, sauti nzito.

"Dada, baba kaniletea ile dawa yako. Nimekunywa jana, nimekunywa na leo asubuhi. Kichwa kinaniuma, ila baba anasema ndiyo inafanya kazi."

Nikamwambia asinywe tena, aniitie baba. Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikupatikana.

Mwanangu, sijawahi kuogopa hivyo tena, hata siku nilipokuwa najifungua. Nilipanda pikipiki na koti langu la maabara mwilini. Mvua ilikuwa inanyesha, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na ile barabara ya udongo mwekundu ilikuwa utelezi mtupu. Kijana wa pikipiki aliniambia twende polepole. Nikamwambia mdogo wangu anakufa. Akaongeza mwendo, na mimi njia nzima nilikuwa nasali sala moja, kwamba niwahi. Halafu kuna jambo jingine ninaloona aibu kulisema: nilikuwa pia natafuta maneno ya kuwaambia ili nisionekane mkosaji.

Niliwakuta sebuleni. Deo kalala kwenye mkeka, kichwa mapajani kwa Shangazi, macho wazi lakini hayamtazami mtu. Babu yako kasimama mlangoni na paketi ya dawa mkononi.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, ba..."

"Acha shikamoo," Shangazi akasema. "Sema."

Maneno niliyoyatafuta njiani yote yakapotea. Nikasema, "Ile dawa inaua mnyoo, lakini mnyoo akifa kichwani, kichwa kinavimba. Lazima awe hospitali, daktari azuie ule uvimbe. Sikujua Jumapili. Nimejua leo." Babu yako akakaa chini palepale mlangoni.

Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani, tukamfunika turubai. Kabla hatujafika lami kuanguka kwake kukamrudia, na safari hii hakukumwachia. Kila nilipodhani kumekwisha, mwili ulianza upya. Shangazi alimlaza ubavu na kumwita jina lake la utoto, mimi nikawa nashikilia turubai lisipeperuke na nalia bila kujificha. Babu yako mbele kule hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kugeuka na kukuta kimya.

Hospitali daktari akauliza mgonjwa amekunywa nini. Babu yako alikuwa kaikunja paketi ndani ya kofia. Niliichukua nikampa daktari, nikamweleza yote. Daktari akasema vizuri umesema mapema, wakakimbia naye ndani.

Tukabaki kwenye benchi mimi na Shangazi. Nilikuwa nangoja anifariji. Akaniambia, bila ukali wowote, "Manka, nilikuuliza nguruwe walikuwaje. Ukacheka."

"Nilikuwa sijui, shangazi."

"Sasa si ungesema hujui? Mimi nilitaka jibu, na hujui ni jibu. Baba yenu si mjinga. Angekusikia unasema hujui, angesubiri daktari. Alikuona unacheka, akaona hakuna la kuogopa."

 Maneno hayo ninayo hadi leo.

Siku kadhaa Deo hakututambua. Kisha asubuhi moja akaomba uji, na Shangazi, ambaye hakuwa amedondosha chozi tangu mwanzo, akalia mpaka muuguzi akamtoa nje. Madaktari walimtuliza uvimbe, na baadaye wakamtibu taratibu chini ya macho yao, na kule kuanguka kukapungua mpaka kukaisha. Akaoa, ukazaliwa wewe. Babu yako hakunilaumu hata siku moja. Aliuza nguruwe wake wote na lile banda akapanda ndizi, na kila nikipita pale najua kwa nini ndizi zipo pale.

Lakini ule mkono wa kushoto wa baba yako haukurudi sawasawa. Wewe uliambiwa ni kifafa. Si kifafa, mwanangu, ni ile Jumapili. Ndiyo maana tangu ukiwa mdogo wewe ndiye unayemfunga vifungo vya shati akienda kanisani. Nilimwomba jana usiku ruhusa ya kukwambia, akanijibu, "Mwambie, ndiyo anaanza kazi."

Sasa nisikilize. Sikukatazi kazi, kwa sababu watu kama baba yako wanaihitaji. Wala sikwambii ufike nyumbani ufunge mdomo, maana watakuuliza na wana haki ya kujua. Wasimulie, ila usiishie pale panapokupendeza. Endelea mpaka ufike mahali ambapo hujui, na hapo useme hujui, kwa sauti, hata kama koti lako litaonekana fupi. Aliye na mgonjwa ndani anasikiliza kwa namna nyingine, anachukua neno moja la matumaini na kuondoka nalo. Na siku mtu yeyote, awe amesoma au hajasoma, akikuuliza nguruwe walikuwaje baadaye, usicheke. Rudi bandani ukaangalie.

Nenda, mwanangu. Ruwa, Mungu wetu, akutangulie kwenye kila mlango wa hiyo maabara. Akupe macho ya kuona na mikono isiyotetemeka, na siku ya kuogopa akupe kinywa cha kusema unaogopa, mapema, kabla mtu hajanywa. Hofu yangu uibebe, imenitunza miaka yote hii.

Kengele ya kwanza ya kanisa hiyo inalia. Kimbia nyumbani, baba yako amesimama na shati lake anakungoja.