Sanduku Lisilogusa Chini

Nyie vijana mtakaosoma haya, someni mpaka mwisho. Juzi, hapa Ruangwa, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu gari la jeshi linalopakia mizigo kwenye ndege. Jukwaa lake lilipanda lenyewe mpaka mlangoni.

Niliwahi kuona gari kama hilo Nachingwea, nikiwa mdogo. Mimi na mama tulikuwa tunatoka kuokota korosho, tukasimama kando ya uwanja wa ndege. Hewa ilinuka mafuta, gari linanguruma. Sanduku refu lilitoka kwenye lori, likapita juu ya jukwaa la gari lile, likainuliwa, likaingia ndani ya ndege. Halikugusa ardhi hata kidogo.

Kwetu mwali, yaani msichana anayechezwa unyago, akitolewa unyagoni hubebwa mabegani, miguu isiguse chini. Na dada yangu Somoe alikuwa mwali, amewekwa ndani siku hizo, mimi nimekatazwa kumwona. Nikajua ni yeye yumo kwenye sanduku.

“Mama, dada wanampeleka wapi?”

“Nyamaza. Mambo ya unyago mtoto haulizi.”

Tangu siku hiyo, kila ndege ikiruka nililia. Mpaka ngoma zilipolia, Somoe akatoka amebebwa begani na shangazi, kanenepa, anang'aa mafuta.

“We kinyago, unalia nini?” akaniuliza alipoona machozi yangu.

Leo najua lilikuwa sanduku la mizigo tu, labda mahema. Ila nyumbani kwangu nimeamuru: mtoto akiuliza, mkubwa aliye karibu aweke jembe chini amjibu. Kama hajui, aseme hajui.