Chatu Aliyetazama Dari

Kaka yangu alipofariki Kitale, jamaa waligawana viti, redio na baiskeli yake. Chatu wake hakuna aliyemtaka. Kaka alikuwa akizunguka naye shuleni, akiwafundisha watoto wasiue kila nyoka wanayemwona. Nilimleta Bungoma katika sanduku la mbao, nikamweka chumbani kwangu, na tangu hapo sikukaribisha mgeni. Majirani wakasema ati naringa.

Siku moja mwenye ploti tuliyopanga alileta mtu wa kupuliza dawa ya mende. Nilikuwa kazini, mlango umefungwa, kwa hiyo akapenyeza mpira wa bomba dirishani na kupuliza humo humo. Niliporudi harufu ilinikata pumzi. Asubuhi nikamkuta chatu amekunja shingo nyuma, macho darini, mwili ukitetemeka. Nilipompa panya alimrukia, akagonga ubao.

Nikampigia daktari wa mifugo.

"Ati nyoka? Mama, si mimi ni wa ng'ombe." Lakini hakukata simu. "Mlaze chali. Anajigeuza?"

"Hajigeuzi. Amebaki hivyo hivyo."

"Basi shida iko kwa ubongo na mishipa ya fahamu. Kuna dawa imepulizwa hapo?"

Nilipomweleza, akaniambia nimwoshe kwa maji vuguvugu, nitupe matandiko yote, nifungue madirisha, kisha nimpeleke Kitale kwa mwenzake aliyewahi kutibu wanyama wa porini.

Nifungue madirisha, na uani watu wanafua? Nikasimama nimeshika komeo. Nyuma yangu chatu alikuwa akivuta sumu ile ile. Nikafungua, kisha nikaanza kumwosha katika beseni.

Jirani akachungulia, akaona beseni. "Yesu wangu! Unaosha nini?"

"Nyoka. Ni mgonjwa."

"Na unalala na yeye humo?"

"Ndiyo."

Kabla ya jioni mwenye ploti alikuwa amenipa notisi ya kuhama.

Kule Kitale daktari yule mwenzake alimtia maji mwilini kwa sindano, akamkagua shingo. "Ataishi. Shingo sijui kama itanyooka."

"Kuna mtu anaweza kumchukua?"

"Akiwa mzima, pengine. Huyu wa kulishwa kwa mkono, nani atamtaka?"

Sasa ninaishi nje ya mji, nyumba ya peke yake. Niliitwa kazi Suam, kule mpakani, nikakataa, nani angemlisha? Ninamshikilia kichwa, ninamsogezea chakula kwa koleo, na mara nyingi anakosa.

Juzi dada yangu mkubwa alinipigia. "Si umwachilie tu msituni?"

"Hawezi hata kujigeuza, dada."

"Na wewe je, utakaa hivyo mpaka lini?"

Nikamwambia maji yanachemka jikoni, nikakata simu.