Tepu Kwenye Mashua ya Mutheu

Huko Kivaa, Ndambuki alisifiwa kuwa fundi wa stima ambaye kazi yake hairudiwi. Kwa hiyo Mutheu, mjane anayevua samaki katika bwawa la Masinga, alipotaka taa na pampu ya kutoa maji kwenye mashua yake, hakumtafuta mwingine. Ndambuki alisokota nyaya na kuzifunga kwa tepu, kama alivyozoea kwenye nyumba za watu.

Miezi michache baadaye, upepo ulipochafuka, pampu ilizimika katikati ya bwawa. Mutheu na bintiye walichota maji kwa karai hadi wakafika nchi kavu wakitetemeka.

"Fundi, hii pampu waliniuzia ni mbovu," Mutheu alimwambia Ndambuki, aliyeitwa ufukoni saa hiyo hiyo. "Lakini wewe ulifanya kazi safi."

Ndambuki alibandua tepu. Maji yalikuwa yamepenya, na shaba imeliwa na kutu ya kijani hadi ikakatika. Aligusisha waya wa pampu kwenye betri, pampu ikanguruma.

"Umeitengeneza!" Mutheu akafurahi.

Uso ulimwaka Ndambuki. Kunyamaza kungekuwa rahisi, ila binti alikuwa pale, leso yake ingali inachuruzika maji.

"Hapana, mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba. "Pampu ilikuwa nzima. Ni mimi nilifunga vibaya."

Mutheu hakumkemea, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Basi funga vizuri," akasema, akageukia nyavu zake.

Ndambuki alibana kila kiungio cha nyaya kwa kibanio cha shaba, akakivalisha mpira unaosinyaa kwa moto ili maji yasipenye, akakivuta kwa nguvu kukijaribu. Alipoitwa kula, alisema ana haraka, akaondoka bila kumtazama mtu.