Mort, Kadogo

Ilianza siku ya Jumanne, saa tisa na robo mchana, na ninaikumbuka kwa harufu: karatasi kuukuu zilizokula unyevu, na pondu, majani ya muhogo, iliyokuwa ikitwangwa uani kwetu, mtaa wa Kabondo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mtu wa kujificha, wa kujibu kwa kichwa kuliko kwa mdomo. Koko, babu yangu, alipofariki aliniachia kisanduku alichopewa zamani na mzungu aliyekuwa mwajiri wake kule Yangambi. Kilikuwa cha kujifundisha bridge, mchezo wa karata wa watu wanne, bila hao wengine watatu. Unaingiza karatasi chini ya ubao wenye vidirisha vya bati, unasukuma kidirisha kimoja, karata moja inaonekana. Ukikosea, maandishi ya Kifaransa yanakwambia ulipokosea. Kwangu mimi, niliyechapwa shuleni kwa kunyamaza, huyo alikuwa mwalimu wa kwanza asiyenyanyua mkono.

Kanuni moja ndiyo iliyoniponza. Katika bridge, mwenzako huweka karata zake zote wazi mezani, kisha hasemi tena neno. Wewe ndiwe unayemwamuru atoe ipi. Kwa Kifaransa anaitwa mort, maiti. Ukitaka atoe karata ndogo, unasema tu: ndogo, au kwa Kiswahili chetu, kadogo. Nami, peke yangu chumbani, nilikuwa jasiri, nikawa naamuru kwa sauti: "Mort, kadogo!" Na Kadogo ndilo jina tulilomwita mtoto wa Tonton Dédé, mdogo wake papa, ambaye tuliishi naye ua mmoja. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na homa ilikuwa imemlaza siku ya tatu. Tonton alikuwa nje ya dirisha langu, akichota maji ya kumpoza mwanawe.

Mlango ulipigwa teke. "Unaita nani? Sema tena!" Sikuweza. "Uko ndoki, muchawi! Mutoto wangu iko anakufa, na wewe uko unamuitia kifo!" Kofi la kwanza lilinitoa kitini, la pili lilipasua kitu ndani ya sikio la kushoto, nikasikia kama nzi ameingia humo. Akanivuta kwa misuko hadi uani, akanikanyaga mbavu, akakibamiza kisanduku ukutani. Vidirisha vikatapakaa kama magamba ya samaki. Majirani wakajaa. Mmoja akacheka: "Kale kanakonyamaza ndiko kanakula batu!" Mwingine akauliza petroli iko wapi. Nikajua nisipoeleza nitachomwa kama mchawi, na mdomo haukufunguka.

Papa alikuwa safarini Yanonge. Ni mama aliyetoka kwenye kinu na mchi mkononi. "Umuache, Dédé! Umuache ao nakuvunja!" Hakuniacha. Mchi ukashuka, na mkono wa Tonton ukalia kama muhogo mkavu. Mama, akihema bado, akamfunga Kadogo mgongoni, akanishika mimi, akatupandisha wote pikipiki hadi kituo cha afya. Ilikuwa malaria tu. Jioni joto lilikuwa limeshuka.

Leo nina miaka kumi na saba. Sikio la kushoto halikurudi. Kadogo anasoma shule ya msingi, na nikichelewa kumjibu huniita Mort, tukacheka. Tonton hunisalimu akiwa upande wangu wa kulia. Msamaha hajawahi kuuomba. Haya ya kusema mbele za watu bado ninayo, lakini nikiitwa ubaoni siku hizi najibu, na nadhani nilijifunza hivyo asubuhi iliyofuata kipigo kile.

Asubuhi hiyo nilichukua karata za kawaida za papa, nikatandika mkeka uani, machoni pa majirani walewale. Tonton alikuwa amekaa mlangoni kwake, mkono umefungwa vibao. Mama alikuwa kwenye kinu, ila hatwangi. "Tonton, kuya," nikasema. "Keti hapa. Wewe ndiwe mort. Mort hasemi." Akautazama mchi, akaketi. Nikamfunulia karata zake zote kumi na tatu, kisha nikaamuru kwa sauti ya kufika barabarani:

"Mort, kadogo."

Tonton akazipitia karata kwa macho. Halafu, kwa ule mkono mzima, akasukuma mbele tatu ya kopa.