Kitufe cha Ruka

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa mbele ya kompyuta nikaambiwa nifungue begi la ng'ombe. Nilidhani wanataka kunicheka. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, nikastaafu kwa hiari, na sasa nimeitwa kwenye nyumba ya kupanga pale Nkuhungu, Dodoma, kwa sababu mtu alisikia kwamba natunga hadithi za kusomea darasani. Halafu kijana wa umri wa kitinda mimba wangu ananiambia ng'ombe wana begi.

"Bonyeza hapo juu, Mwalimu," akasema.

Nikabonyeza. Kweli, ndani mlikuwa na ng'ombe kumi na wawili, jembe, kibuyu cha maziwa na mkeka. Begi, kwa lugha ya kazi yetu, ni mahali mchezaji anapotunza kila alicho nacho, kiwe kijiko au kiwe zizi zima. Nilicheka, wakacheka, na jioni nikarudi nyumbani nikiwa mtengeneza gemu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii leo, na nasema mapema kwamba nina hasira. Nimejaribu mara mbili kuyaandika haya kwa upole, mara zote mbili nikachana karatasi.

Tulitengeneza gemu za uhusika. Humo mchezaji hakimbizi mpira wala hapigi risasi tu. Anavaa nafsi ya mtu fulani, anaamua kwa niaba yake, na mtu huyo anakua au anaharibikiwa kulingana na maamuzi hayo. Yetu iliitwa Kaya Yetu. Unarudi nyumbani kwenye uwanda huu wa kati baada ya kiangazi kilichotawanya mifugo na watu, unachagua kuwa mfugaji, mkulima au mhunzi, kisha unaisimamisha kaya upya.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Msanifu Mkuu, yaani mtu anayetunga kanuni za mchezo. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kabla hajaweka mkoba chini, na kila asubuhi alikuwa na jambo jipya la kuongeza. "Kina, Mwalimu! Tuongeze kina!" Kina maana yake ni kwamba uamuzi mmoja unazaa mwingine, na ukirudia mchezo mara ya tano bado unakuta jambo hukuliona. Ni kitu kizuri. Ila yeye alikitafuta kwenye menyu. Menyu ya udongo ilifungua menyu ya unyevu, ya unyevu ikafungua ya mbegu, na kabla hujapanda punje moja ya mtama ulikuwa umejibu maswali kama unaomba pasipoti.

Tukaipeleka Gulwe kuijaribu. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote akaishika simu, akapangusa, akapangusa tena, akavua miwani.

"Mwanangu," akamwambia Msanifu Mkuu, "mimi nimestaafu. Mbona unanirudisha ofisini?"

Kwenye gari Msanifu Mkuu alinuna mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akasema maneno ambayo ningependa yabandikwe ukutani kwenye kila ofisi yenu: "Yule mzee hajakataa kina, Mwalimu. Amekataa karatasi." Tangu wiki ile tulianza kuzifuta menyu na kuyahamishia yaliyokuwemo kwenye vinywa vya wahusika. Ukitaka kujua udongo, huendi kwenye orodha; unamkuta mtu, unamsalimu, unamsikiliza. Mpangilio huo tuliuita mti wa mazungumzo, kwa kuwa kila jibu lako linafungua tawi lake. Nami nikapewa kazi ya kuujaza mti ule maneno ya watu wenye kujua.

Ndiyo iliyonifikisha Busi, Kondoa, kwa Mama Zaituni.

Alikuwa mama wa Kirangi aliyenizidi umri, mkulima, na amevuka makorongo ya kule tangu hajaota meno ya ukubwani. Nilikaa kwake siku nne na daftari. Mimi Mgogo, yeye Mrangi, Kiswahili sote tulikikuta njiani, na ndicho tulichoongea. Alinieleza jinsi ya kupata maji kwenye mchanga mkavu: mwangalie punda, akisimama na kunusa chini akagoma kusonga, chimba hapo. Alinieleza kuhusu korongo. "Usiangalie juu ya kichwa chako," alisema. "Kichwani kwako jua linawaka, lakini wingu limekaa kule milimani. Hilo la kule ndilo litakalokuua. Ukiliona, kaa ng'ambo yako, kaa na ng'ombe wako, hata kama watoto wanalia njaa upande wa pili."

Niliandika vile vile, bila kupiga pasi neno lolote. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya Bibi wa Korongoni, mhusika anayemsubiri mchezaji ukingoni kabla hajavuka. Ukimsikiliza, unasubiri na unapona. Usipomsikiliza, unashuka, maji yanakuja mahali ambapo hapajanyesha, na zizi lako lote linakwenda.

Siku naondoka Mama Zaituni aliuliza, "Na mimi nitayasikia humo ndani?"

"Utayasikia, mama. Nitakuja nayo mwenyewe."

Msanifu Mkuu akapata kazi nje ya nchi, tukaletewa Meneja wa Bidhaa. Huyu aliingia na "Mambo, Mwalimu," nikamjibu "Poa" kwa sababu sikuwa na namna. Neno lake lilikuwa wepesi. Wepesi nao ni kitu kizuri, msinielewe vibaya. Ni kumfungulia mlango mtu ambaye hajawahi kushika gemu. Lakini Meneja aliamini kwamba ili mtu aingie ndani ya nyumba ni lazima utoe vitu vyote nje. Akaagiza kitufe kimoja kiwekwe pembeni ya skrini kila mhusika anapoanza kuongea, ili mwenye haraka ayapite mazungumzo. Kitufe chenyewe hakikuwa na ubaya. Mtu anayecheza mara ya tatu hana haja ya kumsikia Bibi tena. Kikachorwa, kikawekwa, kikaandikwa Ruka.

Tukarudi Busi kujaribu. Siku ya majaribio ina kanuni moja: mtazamaji hasemi. Unakaa ubavuni mwa mchezaji, unaandika anachofanya, na hata akikwama humsaidii, maana siku gemu itakapotoka hutakuwepo kumsaidia. Ni kanuni nzuri. Niliwafundisha wenzangu wote kuifuata.

Watu sita walicheza kwenye ofisi ya kijiji, mmoja mmoja, na wote sita walizama korongoni. Mama Zaituni alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejifunga kitenge kipya kwa ajili ya siku ile. Alicheza vizuri kuliko wote. Ng'ombe wake walikuwa wameongezeka, na maji aliyapata kwa punda bila kuambiwa na mtu. Akafika ukingoni. Bibi akafungua mdomo. Pembeni kikatokea kitufe.

"Eh, anaruka kumbe," akasema Mama Zaituni, akabonyeza.

Bibi akanyamaza. Mhusika akaanza kuteremka korongoni na ng'ombe wake.

"Mbona anashuka? Nimemwambia aruke, yeye anashuka!" Akabonyeza tena na tena. "Ruka basi wewe!"

Maji yakaja, yakachukua kila kitu. Alinigeukia, na mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa na kalamu mkononi na kanuni kichwani, nikanyamaza. Aliuliza, "Bado hayajafika yale maneno yangu?" Meneja akamjibu, "Asante sana mama, tumemaliza," akamchukulia simu mkononi.

Kwenye gari Meneja alikuwa mchangamfu. "Umeona, Mwalimu? Wote sita, mahali palepale. Ni pagumu kwao."

"Si pagumu. Walitaka kuruka korongo. Wameona Ruka, wameruka."

"Mwalimu, watu hawa hawajazoea. Tusiwabebeshe mzigo."

Watu hawa! Watu waliozaliwa kati ya makorongo, wanaopeleka mbuzi na kwenda sokoni kwa kuyavuka, ndio wanaoambiwa korongo ni gumu kulielewa. Na anayesema amelijua korongo kwa picha. Nilitamani kumwambia dereva asimamishe gari nishuke. Hakuna dharau mbaya kama ile inayokuja imevaa huruma. Mtu anayekutukana wazi unaweza kumjibu. Huyu anakupunguzia mzigo ambao ni mali yako, na anangoja umshukuru.

Nikaandika ripoti. Niliandika: neno limekosewa kwenye kitufe, libadilishwe kuwa "Usisikilize", kisha watu walewale wacheze upya. Siku moja ya kazi, haizidi. Meneja akajibu kwamba muda hauruhusu na kwamba takwimu ziko wazi. Bibi wa Korongoni akafutwa, mti wake wote na matawi yake. Badala yake ukawekwa mshale wa kijani unaokuonyesha pa kukanyaga, na maji ya korongo yakafundishwa adabu, hayachukui tena hata mbuzi. Gemu ilipotoka, wale wa mjini waliipakua, wakaufuata mshale, wakaimaliza mchana mmoja, wakaifuta. Wa vijijini walisema ni ya watoto.

Baadaye wafadhili waliotoa fedha za gemu waliitisha kikao wakitaka kujua gemu waliyoipenda ilikwenda wapi. Mmoja akaitazama picha ya skrini ya zamani, akauliza kama kulikuwa na dalili yoyote kwamba shida ilikuwa maandishi ya kitufe tu. Meneja akaruka kimanga. "Sijawahi kuletewa jambo kama hilo," alisema, akiniangalia usoni kabisa. Ripoti ilikuwa mkobani mwangu. Sikuitoa.

Miezi michache baadaye mkataba wangu uliisha na sikuomba mwingine. Waliniaga kwa keki na kitenge, Meneja akasoma hotuba kuhusu mchango wangu katika lugha. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Nimekuwa na muda wa kufikiri tangu hapo, na kuhusu kazi yenyewe nina machache ya kuwaachia. Kina si wingi wa vitu. Korongo moja lenye wingu moja lina kina kuliko menyu zote za Msanifu Mkuu. Na wepesi si uchache wa vitu. Mchezaji akishindwa, kabla hujampunguzia chochote, hakikisha kwanza kwamba alisoma kile ulichodhani umeandika. Mkiyashika hayo, mtakuwa mbele yetu.

Lakini nilikuwa na ahadi Busi, nikaenda. Mama Zaituni alikuwa uani anapeta uwele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea?"

Nikamwambia hayamo. Nikamsimulia yote, kitufe, watu sita, mshale wa kijani, kikao, na nilipofika kwa Meneja nilimshindilia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinisikiliza bila kunikatiza. Ungo uliendelea kupanda na kushuka.

"Hilo neno," akasema nilipomaliza, "hilo Ruka, aliliandika nani?"

Meneja hakuwahi kuniuliza hivyo. Wafadhili nao wasingekosa kuniuliza kama ningeitoa ile ripoti, na ndiyo maana ilibaki mkobani. Kauli ya kutendwa nimeifundisha miaka mingi, najua faida yake: kikaandikwa, limekosewa, na aliyetenda hatajwi popote. Hata ninyi nimewaandikia hivyo hivyo huko juu.

"Mimi, mama."

Ungo ukatulia. "Wewe si ndiwe mwalimu wa Kiswahili?"

"Ndiyo."

"Na siku ile nikibonyeza ulikuwa umekaa hapa." Akagusa ubavu wake.

"Ndiyo, mama."

Alipuliza makapi yaliyobaki kwenye ungo, akautazama uwele, akanitazama mimi.

"Sasa yule kijana," akauliza, "unamkasirikia kwa lipi?"

Kwenye basi nikienda nilikuwa na majibu mengi ya swali kama hilo. Pale uani nikachukua ungo wa pili nikaanza kupeta.